Waraka wa Saa Saba Mchana

WARAKA NA. 9 WA 1994: KUPUNGUZA MATUMIZI YA UMEME YA KOMPYUTA NA VYOMBO VINGINEVYO WAKATI WA CHAKULA CHA MCHANA (NAKALA NNE).

Kompyuta ilikuwa moja. Vyombo vinginevyo vilikuwa birika la chai na feni iliyokufa kabla wilaya haijazaliwa. Lakini Bwana Kang'ethe, mkubwa wa ofisi ile ndogo ya wilaya katika mji wa Wote, alitia sahihi na kuongeza kifungu: mpiga chapa akae kando ya mashine saa nzima, athibitishe kwa maandishi kwamba imezimwa kweli. Mpiga chapa alikuwa Mutindi, mwenye mimba ya miezi minane.

Nzioka, tarishi mzee, alibisha hodi akiwa na kofia mkononi.

"Mkubwa, hiyo mashine ilitoka mnada wa Mombasa. Aliyeileta alisema isizimwe hata siku moja. Kuna kitu kinaota joto humo ndani."

"Kitu gani?"

"Mombasa wanaita jini."

"Basi kiandike barua kuomba ruhusa. Kupitia kwako."

Jumatatu saa saba Mutindi akazima. Jua lilikuwa likichoma mabati mpaka yakalia, lakini chai yake iliganda kikombeni. Kitambaa alichoifumia mashine, kama watu wanavyofumia makochi, kikainuka, kikashuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Akaandika: Imezimwa.

Jumanne kulinuka nywele zilizoungua. Nzioka aliponyoosha mkono wa kushoto kukiondoa kile kitambaa, kitu kilimkamata vidole viwili kikavivunja, kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama mtu anayevunja kuni za jioni.

"Ajali kazini ina fomu yake," alisema Kang'ethe. "Ya kijani."

Jioni Mutindi alimnong'oneza mzee kwenye ngazi. "Nimeomba. Hata pasta ameomba. Kinasikiliza tu."

"Kesho usiingie, mwanangu."

"Nisipoingia mkubwa ananifuta kazi. Na likizo ya kujifungua inaanza Ijumaa. Siku mbili tu, mzee."

Jumatano, dakika ya ishirini, baridi ilitoka nyuma ya mashine ikatambaa sakafuni, ikampanda Mutindi miguuni, ikamkaba kiunoni kama mkono wa mwenye njaa, ikambamiza ukutani mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka nywele zake na damu zikabaki kwenye chokaa, na alipofungua kinywa kupiga kelele ukatoka mvuke tu, na mtoto, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipiga teke kama punda wa kubeba maji, akatulia.

Nzioka alifungua mlango kwa bega.

"Mzee," Mutindi alisema polepole sana. "Hachezi. Mtoto hachezi."

Nzioka akakimbilia swichi. Kang'ethe, aliyekuja kukagua, alikuwa ameikinga kwa mgongo, akitazama saa yake.

"Bado dakika thelathini na nane."

"Mkubwa, kinachukua joto la mtoto! Washa!"

"Waraka hautaji watoto."

Kisha Kang'ethe alikuwa juu ya mashine, kifudifudi, na mayowe yake yalifika sokoni, kwa sababu kile kitu kilimwachia Mutindi papo hapo kikamrukia, kikamkunja kinyumenyume mpaka uti wa mgongo ukalia kama mti mkavu, kikamng'oa taya, kikamfyonza joto lote hadi machozi yakawa barafu mashavuni, mchana wa Wote, mbwa wakihema kivulini.

Nzioka akawasha. Kioo kikawa kijani. Mutindi, akiwa sakafuni, alishika tumbo akangoja. Teke moja. La pili.

Ripoti, nakala nne, inasema kwamba marehemu aliteleza kwenye chai iliyomwagika, na kwamba lengo la kupunguza umeme halikufikiwa. Mutindi alijifungua msichana. Mashine bado inawaka.

Hakukuwa na chai sakafuni. Nzioka alimsukuma mkubwa, kwa mkono wake mzima.