Mapigo Manne Tumboni mwa Manowari

Jioni ile nilibeba kopo la supu ya njegere kumpelekea baba kazini, kama kila siku. Tangu mama afariki nami nikaacha shule, kazi hiyo ilikuwa yangu.

Baba alikuwa mpiga ribiti, ile misumari minene inayounganisha mabati ya meli, katika kiwanda cha manowari pale Kiel, bandari ya Ujerumani. Kwa kelele zile huwezi kumwita mtu kwa jina, hivyo kila nyumba ilikuwa na mapigo yake. Sisi tuligonga bati la meli kwa kijiko: matatu ya haraka, moja la kuchelewa. Baba alijibu vivyo hivyo kwa nyundo. Tulioyajua tulikuwa watatu tu: baba, mimi na kaka yangu Detlev.

Siku hiyo kiwanda kilikuwa kimya. Manowari ingeshushwa majini kesho yake, na Detlev alikuwa ameshapangiwa kuchochea makaa ndani yake itakapokamilika.

Niligonga. Ta-ta-ta... ta.

Jibu likatoka ndani.

Chini kabisa, kwenye tumbo lililokwisha kuzibwa. Dhaifu... kama mtu anayegonga kwa kidole. Nikasikia harufu ya makaa yaliyolowa.

"We Wiebke!" Mzee Timm, fundi mwenzake baba, alinitania kutoka nyuma. "Leo umeleta supu, au maji ya kuoshea vyombo?"

Kando yake alisimama baba. Nyundo begani.

Kopo likaniponyoka.

"Baba... nani yumo mle?"

"Hamna mtu. Tuliziba juzi, wote tukiwa nje."

Ta-ta-ta... ta.

Mzee Timm akavua kofia.

"Detlev yuko wapi?" baba alininong'oneza.

"Nyumbani. Anapiga viatu rangi."

"Una hakika?"

"Nimemwacha sasa hivi. Baba, waambie wafungue!"

"Wakubwa wanatoka Berlin kesho, mwanangu. Nani atatoboa manowari kwa sababu ya mlio?"

Hata hivyo alikwenda kwa msimamizi. Alirudi bila nyundo. Walikuwa wamemfukuza.

Nilimsihi Detlev asiende. Alicheka.

"Dada, unataka nitoroke jeshini nifungwe jela kwa ajili ya mlio wa panya?"

Mwaka uliofuata akaondoka nayo. Barua yake ni moja tu:

"Wiebke, chini ya matanuri kuna mtu anagonga mapigo ya kwetu kila jioni. Wenzangu hawamsikii. Ulimfundisha nani? Jana nilimjibu. Tangu hapo, kimya."

Manowari haikurudi tena. Bado napika supu ya watu watatu. Kijiko nakiweka mezani taratibu, kwa mikono miwili... nisije nikagonga, Detlev akaitika.