Wino Mbichi wa Mzee Évariste

Jumanne, 14 Juni 2016, saa moja na dakika kumi asubuhi, Sonia msusi alisukuma mlango wa chumba cha nyuma katika nyumba ya kupanga, mtaa wa Bellevue, akapiga yowe. Mzee Évariste, mkimbizi wa Bujumbura, alikuwa akining'inia kwenye kamba. Ukutani, mawaziri wawili wa China ya kale, Yan Zhenqing na Zhao Mengfu, aliowachora mwenyewe, walikuwa wakimtazama.

Kidawa, mpangaji wa chumba cha mbele, aliwahi kuwa askari mpelelezi Tanga. Aligusa mkono wa marehemu. Baridi, umekakamaa. Mezani palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa brashi: "Nimechoka. Naondoka kwa mkono wangu, kama Yan Zhenqing." Akagusa herufi ya mwisho. Kidole kikatoka cheusi. Wino ulikuwa bado mbichi.

"Dada Kidawa, ameandika akiwa maiti?" Sonia alinong'ona.

"Kuna mtu aliyerudi humu asubuhi hii. Nani mwingine anajua kutumia brashi hizi?"

"Sisi wanafunzi wake wa brashi tu. Mimi, Joël, na huyu mgeni kutoka kwao, mwalimu wa shule Égide."

Joël alishukiwa kwanza, maana juzi aligombana na mzee. Lakini alikuwa lindoni kitongoji cha Diepsloot, mbali na hapo, tangu jana jioni. Msimamizi wake alithibitisha kwa simu.

Polisi wakiwa njiani, Kidawa akamhoji kila mmoja peke yake, Joël kwa simu, swali moja tu: Yan alikufaje?

"Eish, waasi walimnyonga, alikataa kuwatumikia," alisema Joël. "Mzee alitusimulia mpaka tukachoka." Sonia alijibu vilevile.

"Alijinyonga," alisema Égide. "Kulinda heshima yake."

"Kosa hilohilo liko kwenye karatasi, mwalimu. Mzee asingelifanya."

Égide akaigeukia picha ya Zhao ukutani.

"Aliniazima daftari lake," alisema. "Nilisoma mwanzo wa sura ya Zhao Mengfu tu. Waziri, mchoraji hodari, akawatumikia Wamongolia waliouangusha ukoo wake. Zhao ni mimi! Kule nyumbani niliwafanyia kazi waliowateka watu wetu. Mzee alijua. Angenianika mbele ya watu. Nilimnyonga usiku, asubuhi nikarudi kuandika karatasi."

Kidawa akafungua daftari hilo lililokuwa mezani, ukurasa wa mwisho, akasoma: "Yan alilinda heshima yake. Zhao alibeba aibu, lakini tetemeko lilipowaangamiza watu, ndiye aliyewatetea wasamehewe kodi. Nimewalinganisha miaka mitatu. Sithubutu kumhukumu Zhao."

Égide akakaa sakafuni.

"Soma tena," alisema.

Kidawa alisoma tena, na tena, mpaka polisi walipogonga geti.