Chungu cha Mama Amba

Kila asubuhi kabla ya shule, Fanny alifagia uwanja wa hekalu la Mama Hansa. Hekalu lilikuwa kijumba cheupe kando ya kinu cha mpunga, pale Luberizi, ambako Mama Hansa na mumewe, Wahindi, waliwakobolea wakulima mpunga wao. Ndani ilikaa sanamu ya Amba, mungu wa kike mwenye mikono minane, amepanda simba. Watoto wa kijiji walisema macho yake humfuata mkosaji mpaka kitandani.

Wiki ile ilikuwa sikukuu ya Amba. Mbele ya sanamu kiliwekwa chungu chenye matundu, na ndani yake taa. Jioni wanawake wa Kihindi kutoka Bujumbura walikizunguka wakicheza na kupiga makofi.

"Fagia, lakini chungu usikiguse," Mama Hansa alimwonya. "Taa hiyo haizimwi mpaka sikukuu iishe."

Fanny alitaka tu kuona moto unavyokaa mle ndani. Alikiinua kidogo. Kikamchoma vidole, kikaanguka, pwaa, kikavunjika! Taa ikazimika. Moshi mwembamba ukapanda hadi usoni pa sanamu, na Fanny akaona kama macho yale yamemgeukia. Akatoka mbio.

Mama Hansa alipomuuliza mchana, alijibu haraka, "Minye sijui, Mama. Nilimuona Irakiza hapa."

Irakiza, binti wa wafugaji, alikaa naye dawati moja. Ndiye aliyekuwa akileta maziwa ya hekalu. Alipoyaleta tena, mlinzi wa hekalu alimfukuza langoni, naye akarudi kwao akilia, asijue kosa lake.

Siku iliyofuata, Délice, mdogo wake Fanny, akashikwa na homa. Mama yao alikuwa akienda shambani. "Homa ikipanda, mpeleke kituo cha afya. Usinisubiri," alisema.

Jua lilipofika utosini, mtoto alikuwa anawaka kama jiko. Fanny alimfunga mgongoni, akatoka. Lakini njia ya kituo ilipita mbele ya lango la hekalu. Alipoliona, akasimama. Sasa alijua Délice anaumwa nini: Amba amekuja kudai chungu chake! Akimpitisha pale, si atammaliza? Akarudi nyumbani, akamlaza mkekani, akasali sala zote alizofundishwa kanisani.

Ghafla Délice akakakamaa. Macho yakapinduka, povu likamtoka mdomoni.

"Délice! Weye Délice!"



Fanny alimnyakua, akakimbia njia ileile. Mbele ya lango akapiga magoti vumbini. "Amba, nisamehe! Minye ndiye nilivunja! Nichukue minye, umwache mtoto!"

Mama Hansa alitoka peku. Habari za chungu hakuuliza. Alimgusa mtoto, akashtuka, akaita pikipiki, wakapanda wote.

"Ni malaria, imepanda kichwani," muuguzi alisema huku akitafuta mshipa wa kutundikia dripu. "Mmechelewa sana."

Fanny alikaa sakafuni. Jioni, mama yake alipofika akihema, Délice alifumbua macho, akaomba uji.

"Mama Hansa," Fanny alinong'ona, "Amba amenisamehe?"

"Kijijini nilikozaliwa, Amba tunamwita Mama. Mama gani anaua mtoto kwa sababu ya chungu? Aliyemwumiza Délice ni mbu. Mimi nimekusamehe. Lakini Irakiza je?"

Asubuhi Fanny alikwenda kwa kina Irakiza, akakiri mbele yake na mbele ya Nyiramana, mama yake Irakiza. Irakiza akasimama.

"Mlinzi alinifukuza mbele ya watu," alisema. "Twende ukaseme palepale."

Wakaenda, Nyiramana akiwafuata. Langoni, mbele ya mlinzi na wakulima waliopanga foleni ya kinu, Fanny alisema yote. Mlinzi akamwomba Irakiza radhi, na Mama Hansa akamfungulia lango.

Nyiramana akamshika Fanny bega. "Mwanangu, chungu kinavunjika, kinanunuliwa kingine. Lakini uongo uliuzaa woga, na woga nusura ukuulie mdogo wako. Ukikosa, sema mapema. Na mtoto akiwaka homa, usikae kutafuta nani amemlaani. Mpeleke kwa muuguzi."

"Nimesikia, Mama," Fanny akajibu.