Mstari Aliouongeza Kadzo

Kila alasiri akitoka shule, Kadzo alianua nguo kambani na kuzikung'uta vumbi la saruji. Nyumba yao ya Mbaraki ilikuwa karibu na ghala la kampuni kubwa ya saruji, na vumbi lile halikubagua sahani wala kitanda.

Mama yake, Mejumaa, alikuwa mshonaji, tena si mtu wa kunyamazia uonevu. Mwezi mzima alipita nyumba kwa nyumba akiandika majina ya watoto wenye kikohozi. Akapata kumi na tisa. Kisha akamwambia Kadzo, aliyesifiwa mwandiko darasa zima, aandike tangazo kwa karatasi za kaboni ili nakala zibandikwe madukani.

Kadzo aliandika, akaona limepoa. Kikohozi tu? Nani atashtuka? Basi akajitia ujuzi, akaongeza mstari chini: "Mtoto mmoja amekufa kwa vumbi hili." Hapakuwa na mtoto aliyekufa. Masikini, alidhani anamsaidia mama.

Mejumaa alizitia sahihi nakala zote bila kuzisoma, zikabandikwa madukani.

Wiki mbili baadaye, karani wa mahakama akaleta samansi. Kampuni ilimshtaki Mejumaa kwa kuikashifu, na akishindwa, hata cherehani yake ingepigwa mnada. Wakili Musyoka, aliyejitolea kumtetea, akaja na tangazo mkononi.

"Mama Kadzo, haya ya kikohozi nitayatetea," alisema. "Lakini huyu marehemu ni mtoto wa nani?"

Mejumaa alisoma mstari ule, akamgeukia binti yake.

"Ni mimi, bwana wakili," alisema Kadzo. "Mama hajui. Niliongeza mwenyewe."

Musyoka alivua miwani, akaifuta polepole. "Umefanya vyema kusema, mwanangu. Ila sasa kampuni haitataja vumbi. Itashika mstari huu tu."

Ikawa hivyo hivyo. Kampuni iliiondoa kesi kwa sharti kwamba Mejumaa aombe radhi hadharani na kila tangazo libanduliwe. Jumamosi, mama na binti walipita duka kwa duka wakibandua. Kwenye duka la mwisho walimkuta jirani yao Kanze, mama wa mmoja wa wale kumi na tisa, amebeba mtoto mgongoni, na mtoto anakohoa.

"Huyu wangu anaumwa kweli, Mejumaa," alisema Kanze. "Jana nimekwenda ofisini kwa kampuni, wamenicheka. Nani atanisadiki sasa?"

Kadzo alilia njia nzima. Walipofika nyumbani, mama alimketisha kando ya cherehani.

"Tulikuwa na watoto kumi na tisa wa kweli, mwanangu. Walitosha. Ukimsemea mtu aliyeonewa, sema yaliyompata tu, kwa sababu uongo wako ataulipia yeye. Nami nina kosa langu: nilitia sahihi nisichokisoma."

Akamwekea daftari jipya mapajani.

"Kesho tunaanza upya, kwa Kanze. Utaandika, utanisomea, na yeye umsomee."

"Atatufungulia mlango, mama?"

"Sijui," alisema Mejumaa. "Tutabisha hodi."