Sukari Katika Pipa la Sachilombo

Mnunuzi alifungua pipa la asali asubuhi, akalamba kijiti, akakunja uso. Maabara ikathibitisha kuwa asali ilikuwa imetiwa sukari ya miwa. Aibu gani hiyo, na hapa ni Kabompo, penye sifa ya asali safi! Pipa lilikuwa na jina la Sachilombo, mzee aliyezeekea msituni na mizinga yake ya magome, na chama cha warina asali kilikuwa kimeshakaa kikao cha kumfukuza.

Sajenti Nyakutemba Likisi, aliyesoma kemia kabla ya kuvaa magwanda, aliwaomba wasubiri.

"Baba, nyuki wako unawalisha sukari?"

"Nyuki wangu wanalishwa na miti, mwanangu. Sukari ya nyumbani hata mimi mke wangu ananifichia."

Watu wakacheka, isipokuwa Kapalu, mtunza ghala, anayekamua masega ya wote na kupiga lakiri kwenye mapipa.

"Muulize dereva aliyelipeleka pipa," alisema Kapalu.

Sajenti aliikagua lakiri. Mnunuzi aliikuta nzima, hivyo dereva hakuwa na kosa. Akaomba masega ya Sachilombo yaliyokamuliwa, yaliyokuwa yakingoja kuyeyushwa nta, akapeleka maabara matone ya asali yaliyobaki humo.

Majibu yaliporudi, aliwaita wote ghalani.

"Asali na sukari zote zina kaboni, na kaboni ni ukoo mmoja," alisema. "Kila atomi ina protoni sita. Nyingi zina nutroni sita, chache zina saba, nazo ni nzito kidogo. Hizo ndizo isotopu. Ndiyo maana uzito wa kaboni vitabuni unazidi kumi na mbili kidogo tu: ni wastani, na zile chache nzito zinaupandisha."

"Sukari ni sukari," Kapalu alisema. "Ulimi hautofautishi."

"Mtambo unatofautisha. Muwa hubeba nzito nyingi kuliko miti ya msitu. Asali ya pipani inazo nyingi mno, ya kwenye masega hapana. Basi sukari iliingia baada ya kukamua, kabla ya lakiri. Hapo kati nani anaishika?"

Kapalu aliinamisha kichwa. "Mpwa wangu alikuwa anatoka jandoni. Mjomba mzima niwanyweshe watu pombe ya sukari? Nilichota asali ya mzee nikapika mbote, pombe ya asali, na pengo pipani nikalijazia maji ya sukari."

Sachilombo aliinuka taratibu. "Mbote ile niliyokusifia mbele ya watu?"

"Ndiyo, baba."

"Sajenti, utamchukua. Ila kwanza awaambie hawa ilikuwa tamu kwa asali ya nani."

Kapalu akawageukia wanachama, akasema, "Ilikuwa tamu kwa asali ya mzee Sachilombo."