Mchuzi wa Viroboto-Maji

Mume wangu ni mpishi wa shule. Mtaa mzima humwita Mpishi, na mimi pia. Mtu huyu hajui kutupa kitu. Maganda, ukoko, mchuzi, vyote kwake vina kazi.

Mwaka huu ameanza kufuga kambale. Vifaranga wao amewaweka wapi? Kwenye hodhi langu la kuogea! Mimi naoga kwa ndoo, nimechuchumaa uani kama bata.

Vifaranga hula viroboto-maji, wadudu wadogo wanaorukaruka majini. Mpishi huwafuga kwenye pipa nyuma ya nyumba na kuwalisha hamira. Kila asubuhi aliwachota kwa upawa, akawamimina hodhini pamoja na maji yao.

Kundi la kwanza la vifaranga likafa. La pili likafa. Siku moja nikamkuta amepiga magoti bafuni. Kundi la tatu nalo lilikuwa limeanza kufa.

"Mke wangu, kuna mtu ana kijicho."

"Kijicho bafuni kwangu? Nani huingia humu zaidi yako?"

"Basi hawashibi. Nitaongeza upawa mmoja."

"Sikiliza, Mpishi. Wakifa na hawa, hodhi langu nalichukua. Na pipa lako liondoke!"

Akanywea. Jamani, nilimhurumia. Mtu mzima, kila asubuhi huwasalimia vifaranga kabla ya kunisalimia mimi.

Nikaenda kumwita Bibi Samaki, mtaalamu anayezunguka kwa wafugaji wa samaki. Alipofika, hata kiti hakukitaka. Alifunua pipa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Baba, pipa hili uliliosha lini?"

"Nilioshe? Si litapoteza ladha!"

"Na maji yake unayapeleka wapi?"

"Kwa vifaranga, mama. Mimi ni mpishi. Nyama bila mchuzi ni chakula hicho?"

Bibi Samaki alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mchuzi wako haujachemka! Hamira ikibaki, inaoza. Viroboto wakifa, wanaoza. Hapo bakteria huzaliana. Ni viumbe wadogo mno, huwaoni kwa macho. Wengine hawana neno, hata viroboto-maji huwala. Lakini wakizidi, na wabaya wakiwemo, unamimina ugonjwa. Kifaranga wa siku nne atauweza wapi?"

Mpishi akainamisha kichwa. "Kumbe nimewaua mimi?"

"Umewapenda bila kunawa mikono. Haya, wapo waliobaki. Lete kitambaa laini na maji safi ya kisima."

Akawachuja viroboto-maji kwa kitambaa. Maji ya pipa akamwambia ayamwage mbali. Viroboto akawasuuza kwa maji safi mara tatu, ndipo akawapa vifaranga.

"Hamira iwe kidogo tu," akasema. "Pipa likinuka, umezidisha. Toa uchafu unaotuama chini. Na vyombo vya pipa visiingie hodhini. Vioshe, uvianike juani."

Mpishi alipomwaga ule mchuzi wake, alifumba macho kama mtu aliye mazikoni.

Lakini alifuata kila neno. Kesho yake walikufa wawili. Keshokutwa, hakuna. Baada ya wiki tatu vifaranga walikuwa wamenona, kila mmoja na ndevu zake. Tukawahamishia kwenye bwawa alilokuwa amewachimbia.

Siku hiyo Mpishi alilisugua hodhi likang'aa, akalijaza maji ya moto. "Karibu, mke wangu. Hodhi lako hilo."

Nikaingia. Raha iliyoje! Nikanyoosha miguu yote miwili. Kisha nikatazama huku na huku. Bafu lilikuwa kimya mno, hakuna hata mkia mmoja uliotikisika. Mimi huyu, niliyelalamika miezi yote hiyo, nikaona upweke.

"Mpishi!" nikaita.

"Naam!"

"Hivi, vifaranga wengine wa kambale wanapatikana?"

Nikasikia upawa ukianguka sakafuni, kisha mbio zake kuelekea nyuma ya nyumba.

"Lakini huo upawa uoshe kwanza!"