Aliyemrithi Nkole

Nywele ya kwanza Chola aliikuta kwenye viwavi. Alikuwa amevikaanga mwenyewe kwa nyanya na chumvi, vikakauka vizuri, na alipoinua kimoja akaona kimezungushiwa nywele nyeusi iliyolowa mafuta, ambayo ukiivuta haiishi. Hee! Ya nani? Mumewe Makasa alikuwa na upara tangu hajastaafu mgodini, na yeye Chola hafungui kilemba hata akilala. Alitema, akasukutua, akawamwagia kuku sahani nzima. Kuku wakanusa, wakaondoka zao.

Ilikuwa Jumapili, na Jumapili nyumba yao pale Wusakile, mtaa wa wachimba migodi mjini Kitwe, huwa ya wazee. Huja Kapasa aliyekuwa mpiga ngoma, na Chomba aliyekuwa mpiga gitaa la pili. Pamoja na Makasa wa besi, hao watatu ndio waliobaki wa Mulilo, bendi iliyowahi kuivalisha Kitwe nzima suruali za bugaluu. Huweka santuri ya kwanza, ile waliyorekodi wakiwa vijana wasiojua kitu, magitaa yakikoroma na sauti ya Nkole, mwimbaji wao, ikipaa juu yake. Nkole alikufa zamani. Basi waanze.

"Unakumbuka ule usiku wa Mindolo?"

"Nisikumbuke vipi? Wasichana walizimia, bwana! Wanabebwa kama magunia!"

"Tulipoanza kuvaa suti tuliharibu. Zile za baadaye takataka tupu. Mulilo ndiyo hii."

Kisha walie. Wazee wazima, kamasi puani, wanalilia ujana. Chola huwaletea pombe na kunyamaza, maana ndiyo furaha pekee aliyobaki nayo mumewe.

Jumapili iliyofuata ikaja harufu. Watu wa Wusakile wamezoea moshi wa tanuri la shaba, ule unaokata koo. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa ya kidonda kilichofungwa kitambaa kikasahauliwa, na juu yake mafuta matamu ya nywele. Chola aliifuata akinusa hadi kwenye santuri. Akachukua kitambaa aifute, kitambaa kikanata. Alipokivuta ulikuja ute mzito wa njano, wa vuguvugu, kama makohozi yaliyotemwa sasa hivi.

"Baba Mwila," alimnong'oneza mumewe, "santuri yenu inatema."

"Mafuta ya mashine hayo. Acha kisirani, mama."

"Mafuta gani yana joto?"

Makasa aliinama. Alikuwa anakohoa.

Hakuacha tena kukohoa. Alikonda mpaka suruali ikawa inamshuka akisimama, na ulimi ukaota utando mweupe uliomfanya Chola ageuze uso akimlisha uji. Zahanati walimpima, wakasema hawaoni kitu. Asubuhi moja akiwa bafuni, Chola alimsikia anaimba. Sasa Makasa, tuseme kweli, hajawahi kujua kuimba. Kanisani walimwomba kwa heshima zote awe anafumba mdomo. Lakini iliyotoka nyuma ya mlango ule ilikuwa sauti ya kijana, nyororo, inaimba wimbo wa kwanza wa Mulilo, na kila mwisho wa mstari inasita, inavuta kohozi kutoka mbali, inatema, inaendelea. Alipotoka, Chola aliingia akachungulia beseni. Kulikuwa na furushi la nywele zile zile, na katikati yake jino la mbele lenye mzizi mrefu. Makasa hakuwa na meno ya mbele, aling'olewa zamani. Chola alitapika palepale, juu ya jino.

Akamwendea mganga. Hakumtafuta mbali: alikuwa dada yake Nkole mwenyewe, Mama Nsofwa, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, aliyekuwa mbali, mkoani Luapula, ndugu yake alipofia Kitwe. Alifika Jumapili mchana, santuri inazunguka, wazee wanafuta machozi.

"Kaka yangu alirithiwa na nani?" aliuliza hata kabla hajakaa.

Kapasa akajimiminia pombe.

"Nauliza. Mtu akifa anapewa mrithi. Anakalishwa mkekani, anakunywa maji, anaitwa jina la marehemu, na kivuli cha marehemu kinapata pa kukaa. Maji ya Nkole alikunywa nani?"

"Shemeji," Chomba alisema polepole, "siku zile... ugonjwa ule, unajua. Alikuwa vidonda mwili mzima. Wajomba wote walikataa. Hakuna aliyetaka kugusa hata kikombe."

"Ikawaje?"

"Makasa alikuwa amelewa. Akasema sauti yake si iko humu? Basi hii ndiyo imrithi. Akaimwagia santuri yale maji."

"Na nyinyi?"

"Tulicheka."

Walicheka! Mtu waliyelala naye chumba kimoja, wakala naye sahani moja, wakacheka! Mama Nsofwa aliwatazama mmoja mmoja kama anayeangalia nyama iliyooza.

"Kwa hiyo mlimkalisha kwenye plastiki," alisema. "Kisha kila Jumapili mnamkwangua kwa sindano, mnaita mapenzi."

Alinyoosha mkono akachomoa waya ukutani, na santuri haikusimama, ikaendelea kuzunguka taratibu, inakohoa, kikohozi cha mtu aliyelala chali asiye na wa kumgeuza, na kutoka kwenye tundu la katikati zikaanza kuchomoza nywele, moja, kisha kishungi, kisha zikamwagika mezani zikiburuta ute uliodondoka chini pwata, pwata, hadi miguuni pa Makasa, ambaye alikuwa amelegea kitini mdomo wazi, midomo haitikisiki, na ile sauti ya kijana inaimba ndani ya kifua chake huku yeye mwenyewe akiishiwa pumzi.

"Nkole anamwingia Makasa!" Mama Nsofwa alipaza sauti. "Leteni maji!"

Aliiosha santuri ndani ya bakuli. Maji yakawa ya njano, mazito, yana vinyuzi vinavyoelea. "Anayekunywa ndiye anamrithi. Upesi, kabla hajammaliza huyu. Si mnampenda? Si mnamlilia?"

"Mimi nina presha, shemeji," Kapasa alisema, akirudi nyuma.

"Na wewe?"

Chomba alikuwa tayari mlangoni, ati anaangalia baiskeli yake.

Chola alimtazama mumewe. Kucha zilikuwa za buluu. Hakumpenda Nkole akiwa hai, alimwona mwenye majivuno na harufu ya mafuta. Akachukua bakuli kwa mikono miwili. Yalikuwa ya vuguvugu. Yalishuka kwa mpigo mmoja kama yai bichi, nywele zikamkwama kooni, akazimeza, zikarudi, akazimeza tena huku machozi na kamasi vikimtoka, mpaka bakuli likawa tupu.

Akaliweka chini. Makasa alivuta pumzi, akaketi, rangi ikamrudia usoni. "Nina njaa," alisema, kwa sauti yake mbaya ya siku zote. Chola angecheka kama angeweza.

Mama Nsofwa alimfunga Chola ushanga mweupe mkononi. "Kuanzia leo huyu ni Nkole. Mwiteni hivyo, mheshimuni hivyo." Akaondoka.

Kapasa, asiye na aibu, akarudisha waya ukutani. Santuri ikalia gitaa, ikalia besi, ikalia ngoma. Sauti ya mtu haikuwamo. Wazee walitazamana, kisha wote wakageuka kumtazama Chola, kwa uchu.

"Nkole," Kapasa alisema. "Ndugu yetu. Tuimbie ule wa kwanza."

Chola alifungua mdomo awape matusi ya kufa nayo. Ikatoka sauti ile ile waliyokuwa wakiililia, nyororo, ya kijana, ikajaa chumba. Kapasa aliangua kilio. Chomba alirudi ndani, akapiga magoti. Chola, akishindwa kufunga mdomo, alimtafuta mumewe kwa macho. Makasa naye alikuwa analia kwa raha, anayumba na wimbo, na kwa mguu mmoja alikuwa anakisukuma kiti chake polepole, mbali naye.